Jibu: laparotomia si lazima awe ametolewa kitu
Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama "laparotomia" kwenye karatasi aliyoruhusiwa nayo mama hapa Moshi ina maana katolewa kizazi. Neno hilo peke yake halisemi hivyo.

Tazama mwisho wake. "-tomia" ni Kigiriki, kukata. Laparotomia ni kupasua ukuta wa tumbo ili daktari aingie aone kilichomo. Kutoa kitu ni "-ektomia": apendektomia, kidole tumbo kimetolewa, histerektomia, kizazi. Herufi mbili tu, "ek", yaani nje, ndizo zenye habari unayoiogopa. Ukikuta "-stomia", hapo wametengeneza tundu, kama kolostomia, choo kikatokea tumboni na kuingia mfukoni.

Sisi mtaani yote ni "kapasuliwa", na "kakatwa" tunawaachia waliopoteza mguu au mkono. Usije ukasema mama kakatwa, ukoo mzima utapanda kosta kutoka Arusha usiku huohuo!

Soma na mistari inayofuata, mara nyingi huandikwa walichokuta na walichofanya. Bado huelewi? Nenda na karatasi yenyewe siku ya kutoa nyuzi, umwoneshe daktari neno kwa kidole.