Mramba anayetoa kilio cha kwezi

SWALI: Karibu na zizi letu huku Kondoa kuna ndege mweusi, mwenye macho mekundu na mkia wa panda, anayependa kutua kileleni mwa mgunga. Mara mbili nimemsikia akitoa kilio cha hofu cha kwezi. Kwezi wakaruka wote, naye akashuka na kuchukua funza waliyemwacha. Je, ilitokea kwa bahati tu? Na anawezaje kutoa sauti isiyo yake?

JIBU: Ndege huyo ni mramba, na nakupongeza kwa jicho lako, kwa maana jambo hilo limethibitishwa na watafiti katika jangwa la Kalahari, Afrika Kusini. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba miramba waliochunguzwa walikuwa na milio ya tahadhari 51 kwa jumla, ambayo 45 kati yake iliigwa kutoka kwa wanyama wengine, na kwamba karibu robo ya chakula chao kilikuwa cha kupora.

Kuhusu sauti, kiungo cha ndege cha kutolea sauti kiko ndani kabisa ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na kwa ndege waimbaji kila upande una misuli yake inayoweza kufanya kazi peke yake. Hata hivyo kiungo pekee hakitoshi. Lazima ubongo uweze kuhifadhi sauti uliyoisikia na kuirudia. Jogoo hana uwezo huo: hata akilelewa mbali na majogoo wengine, atawika vilevile. Mramba, kama kasuku, hujifunza kwa kusikia.

Linalonivutia zaidi ni namna anavyolinda hila yake. Mara nyingi mramba huonya kwa kweli anapomwona kipanga, na ndiyo maana wenzake humsikiliza. Angekuwa anadanganya kila mara, wangempuuza. Mlio mmoja wa uongo ukishindwa kuwatimua, hubadilisha na kutumia mwingine, mara nyingi ule wa jamii ya huyo anayemlenga, kama ulivyosikia kwa kwezi.

Ukimsikia tena, mtazame yeye kabla ya kutazama angani. Akibaki ametulia tawini huku amekaza macho chini, penye funza, basi hapana kipanga.