Jibu: Mbona chungwa lenye kitovu halina mbegu?

Dada, umeuliza kwa nini yale machungwa makubwa yenye kitovu uliyonunua Marikiti hayana mbegu, na kama unaweza kuyapanda nyumbani.

Hicho kitovu ni tunda pacha lililodumaa ndani ya chungwa lenyewe. Limenye taratibu utaona vipande vyake vidogo. Asili ya chungwa hili ni mchungwa mmoja uliobadilika wenyewe huko Bahia, Brazil, ukazaa matunda yasiyo na mbegu. Mwaka 1870 miche ilifika Washington, ndipo likapata jina la Washington Navel. Mwaka 1873 mama mmoja, Eliza Tibbets, akaipanda Riverside, California, na mti mmoja kati ya ile yake bado uko hai hadi leo! Kila ninapokumbuka hilo nafurahi.

Kwa hiyo mbegu usitafute. Nunua mche uliopandikizwa, kwa kawaida juu ya shina la mlimau.

Ganda likiwa kijani usiogope, rangi huletwa na baridi ya usiku. Juisi yake inywe papo hapo, ikikaa inakuwa chungu kwa sababu ya limonini, kemikali chungu ya asili ya machungwa. Ya kuweka friji, mimi hukamua Valencia, aina nyingine ya chungwa.