Mjomba, nani amefungua fundo langu?

Swali la juma hili linauliza kama mtu mzima asiye mwalimu ana kazi ya maana katika klabu ya vijana, au anakwenda kujaza kiti tu. Ninajibu nikiwa mkulima wa korosho wilayani Masasi, ambaye kwa misimu minne nimejitolea kila Jumamosi asubuhi katika klabu ya shule ya msingi iliyopakana na shamba langu. Kazi ipo, tena nyingi, ila iliyonishinda kwa muda mrefu ni ile ya kuizuia mikono yangu mwenyewe.

Klabu yetu inafuata utaratibu wa 4-H, ambao herufi zake nne za Kiingereza huwakilisha kichwa, moyo, mikono na afya. Utaratibu huo ulianzia Ohio, Marekani, mwaka 1902, pale mwalimu A. B. Graham alipoanza kuwakusanya watoto wa vijijini wajifunze kilimo kwa kutenda, katika nyakati ambazo wazee walikuwa wazito kupokea mbinu mpya lakini watoto walizijaribu, na wazazi wakafuata baada ya kuyaona mavuno. Masasi hatuko mbali na hapo: mzee aliyerithi mikorosho ya wajomba zake ukimwambia apande miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa na tawi la mkorosho mwingine, ya aina zilizotoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, atakusikiliza kwa adabu, atakukaribisha maji, kisha ataendelea na yake.

Kwa hiyo tulichagua kitalu cha mikorosho. Mwezi Septemba watoto hutumbukiza mbegu katika ndoo ya maji, wakazitupa zinazoelea na kuzipanda zilizozama, upande wa kikonyo ukitazama juu, katika viriba walivyovijaza wenyewe. Mche ukifikia unene wa penseli, ndipo hubebeshwa: shina hukatwa na kupasuliwa katikati, tawi changa la mkorosho mzazi huchongwa kama kabari na kuchomekwa humo, kisha pakazungushiwa ukanda wa nailoni na kukazwa. Mkono ukitetemeka, maganda hayakutani, na mche hufa.

Msimu wangu wa kwanza watoto walibebesha miche 60. Nilipoikagua walipokwishaondoka, niliona karibu nusu imefungwa ovyo, na kwa kuwaonea huruma (au labda kwa kuogopa aibu mbele ya wazazi) nikaketi hadi magharibi nikiirudia mmoja mmoja. Jumamosi iliyofuata msichana mmoja wa darasa la sita aliinua kiriba chake, akakigeuzageuza, akaniuliza, "Mjomba, nani amefungua fundo langu? Mimi ninafunga kwa kushoto." Sikuwa na jibu. Mche wake ulishika, lakini hakuuhesabu katika daftari lake. Alichora mstari, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: "si wangu". Msimu uliofuata sikugusa kitu, ikashika miche 23 tu, na kila mtoto aliweza kueleza wake ulikufa kwa nini.

Wapo wazazi waliolalamika kwamba tunawafanyisha watoto vibarua, na lalamiko hilo sikulipuuza, kwa sababu katika wilaya inayoishi kwa korosho mstari kati ya mafunzo na kibarua ni mwembamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi yenye madhara, na sisi tumeweka yetu juu yake: salfa ya kuzuia ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga hakuna mtoto anayeishika, wembe hutolewa kwa hesabu na kurudishwa kwa hesabu, watu wazima hawapungui wawili, na miche ni mali ya watoto, ambao huigawana Januari mvua zikishakolea. Mtoto anayerudi nyumbani na miche mitano yake hahitaji kumhubiria baba yake juu ya kubebesha.

Anayetaka kujiunga nasi ajue kwamba ufundi si sharti la kwanza. Tumepata mafundi hodari waliokuja mara mbili wakapotea, na mama mmoja muuza vitumbua asiyejua kubebesha ambaye ndiye aliyekiokoa kitalu, kwa kuwa mwezi Oktoba, watoto wanapokwenda mashambani kuokota korosho na wazazi wao, yeye hupitia shuleni kila alfajiri akamwagilia kabla ya kuinjika chungu chake. Wenye nafasi ya mara mojamoja tunawaomba viriba na samadi, nao tunawashukuru kwa dhati.

Jumamosi ijayo tunajaza viriba kuanzia saa moja asubuhi. Mgeni aje na koleo lake na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, ambayo mwalimu mlezi huiomba kwa kila mtu bila kujali undugu, na wembe auache nyumbani.