Msomaji Auliza: Je, Filamu Yaweza Kuulinda Ushoroba wa Tembo?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili wa Majengo, Moshi, tumechanga fedha tukanunua kamera, na tunakusudia kutembea kutoka msitu wa Kilimanjaro kuelekea Amboseli tukirekodi mapito ya tembo, ili wananchi wahamasike kuyalinda. Je, kazi hiyo husaidia kweli, na tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba. Husaidia, mradi muonyeshe mahali pito lilipobana. Tembo aliyesimama mbele ya theluji ya kilele cha Kibo amekwisha kupigwa picha za kutosha, wala picha hiyo haimwelezi mtazamaji mnyama huyo amepitia wapi kufika hapo. Ushoroba wa Kitendeni, ulioko kaskazini magharibi mwa mlima katika Wilaya ya Longido, ndiyo njia ya kutegemewa iliyosalia kati ya msitu na nyanda za Amboseli, kwa kuwa sehemu kubwa ya mlima imezungukwa na mashamba na makazi. Hifadhi ya Amboseli yenyewe ina kilometa za mraba 392 tu, na vinamasi vyake hulishwa na maji ya Kilimanjaro yanayopita chini ya ardhi, kwa hiyo tembo anayeshuka anaifuata mvua ileile iliyonyesha msituni alikotoka. Hilo likieleweka katika filamu yenu, mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Anzieni pale shamba la mahindi linapopakana na pito. Rekodini unyayo wenye upana unaokaribia ule wa sinia, na kinyesi chenye nyuzi za magome na punje za mahindi ambazo hazikusagika, kisha mgeukieni mwenye shamba aliyekesha akigonga debe kuwafukuza tembo. Mwacheni aseme kwa kirefu, hata akiyasema msiyoyapenda, maana yeye ndiye atakayeamua kulima au kutolima ekari nyingine upande wa pito. Filamu zinazomchora kama mvamizi (nimezitazama zaidi ya moja) huwafurahisha watu wa mbali na kumkasirisha yeye.

Kuhusu vibali, ndani ya hifadhi mtawaona TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, ambao makao yao makuu yapo Arusha; vijijini mtapita kwenye serikali ya kijiji na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, na msitembee porini bila askari wa wanyamapori. Ndege nyuki (droni) ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Amboseli iko Kenya, basi safari ya kwanza iishie upande wetu wa mpaka. Zaidi ya hayo, zimeni huduma ya mahali katika simu na kamera kabla ya kurekodi, kwa kuwa majangili nao hutazama mitandao.

Filamu ikikamilika, ionyesheni kwanza kijijini, ikiwa na maelezo ya Kimaasai, jioni mifugo ikishafungiwa bomani. Shuka jeupe na jenereta ya kukodi vinatosha, na yale watakayoyapinga myarekebishe kabla ya kuipeleka mjini.