Kabla hujanunua winchi, jifunze kutoa upepo

Mkuu hongera kwa chuma kipya. Umesema umechukua Prado, klabu ya watu wa 4x4 wamekualika wikendi hii kwenda Ziwa Natron, una kama milioni mbili mkononi na hujui uanze na winchi (ile mashine ya kamba ya gari kujivuta yenyewe), kuinua gari au tairi kubwa za kashata, zile zenye meno makubwa. Naona wadau wameshakujaza upepo vya kutosha, kila mtu na duka lake. Mi nakuja kukutoa upepo, na namaanisha kwa maana zote mbili.

Nikupe ya kwangu ya kwanza. Nilikuwa na Hilux dabo kebini ya dizeli, ya zamani, ile ya gia fimbo mbili, nikaifunga tairi mpya, nikaweka na winchi kwenye bampa la mbele, yaani gari ikiwa imepaki nje ya baa watu wanapiga nayo picha. Tulikuwa gari saba. Tukatoka Arusha saa 11 alfajiri, lami mpaka Makuyuni, unakata kulia mpaka Mto wa Mbu, pale tukajaza mafuta tukala chapati na supu. Ukishapita hapo usitegemee sheli, utauziwa mafuta ya kwenye chupa na hujui yamechanganywa na nini. Baada ya hapo ni Selela, Engaruka, halafu unaanza kuona milima, Kitumbeine kulia na Kerimasi kushoto, na Lengai yenyewe, ule mlima wa volkano, inachomoza nyuma yake kama kichuguu kilichonyooshwa. Engaruka kuna mabaki ya mji wa kale na mifereji ya mawe ya kumwagilia mashamba, watu walilima pale karne nyingi kisha wakahama, ila kiongozi wa msafara alikuwa na haraka tukapita hivi hivi, mpaka leo najuta.

Sasa kule makorongo ni mengi, na mengi ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Tukafika moja pana, kama mita thelathini hivi. Gari tatu za mbele zimepita kama zinaenda sokoni, wa nne ni mimi, nikatia H4 (miguu yote minne, gia za kasi), nikakanyaga. Katikati pale nikasikia gari inazama matakoni, na mimi badala ya kuacha nikaongeza moto, tairi za nyuma zikachimba mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikakaa kwenye mchanga. Kimya. Kule juu ya kingo vijana wa kimasai watatu wameshakaa chini na fimbo zao, wametulia kabisa, wanaangalia sinema.

Akaja mzee mmoja wa klabu, mtu wa Land Rover 110, kashika kikombe chake cha chai wala hakimwagiki. Hakuniuliza kitu. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafuta vumbi kwa kidole gumba pale katikati ya rimu penye kile kifuniko cha kuzungusha, akasoma kwa sauti: FREE. Akahamia upande wa pili, FREE. "Kijana, hii gari yako tangu Arusha inasukumwa na miguu ya nyuma tu." Yaani fimbo nimeitia H4 lakini lock za magurudumu ya mbele sijazifunga, zile za Hilux za zamani unashuka unazungusha kwa mkono. Nilitamani huo mchanga unimeze na mimi.

Nikamwambia shikamoo mzee naomba tutumie winchi. Akacheka, akaniuliza utaifunga kwenye nini? Nikaangalia mbele, nyuma, mti hakuna, jiwe la maana hakuna, nyasi tu. Winchi ya laki kadhaa haina pa kushika.

Akatoa kijiti cha kiberiti. Akafungua kizibo cha valvu, akachomeka, psssss, anasimama anapima kwa geji, anaendelea. Tairi zangu zilikuwa na upepo wa psi 38, yule fundi wa mjini alinijazia akidhani nakwenda kubeba mchele. Akashusha zote nne mpaka 18. Ukiangalia tairi kwa pembeni unaona tumbo limetoka, limelala chini, na hiyo ndo siri yenyewe, tairi ikilegea inalala ndefu juu ya mchanga badala ya kukata kama kisu. Tukatoa mchanga kwa koleo mbele ya kila tairi na chini ya difu, lock nikafunga, L4 (miguu yote minne, gia nzito za taratibu), gia ya pili, akaniambia achia klachi taratibu na mguu wa mafuta usiuguse. Gari ikanyanyuka kama ng'ombe anayeamka, nyuma kwanza, ikatoka yenyewe. Hakuna aliyeivuta. Wale vijana wakapiga mluzi.

Kwa hiyo Prado yako jinsi ilivyo inatosha kabisa kufika Natron na kurudi. Hiyo haina lock za kuzungusha kwa mkono maana inavuta miguu yote muda wote, ila ina sehemu ya kufunga difu ya kati, ifunge KABLA hujaingia mchangani sio ukishanasa, na ukirudi kwenye lami ifungue la sivyo ukikata kona tairi za mbele na za nyuma zinagombana na kitakachovunjika ni cha ndani. Upepo kwenye vumbi na mawe madogo shusha kama 25 hivi, barabara ile imekunjamana kama bati na gari itaacha kukutetemesha meno, mchangani 18, chini ya 15 usishuke maana ukikata kona kwa fujo tairi linachomoka kwenye rimu. Na ukiwa na upepo mdogo usikimbie, kilomita 40 kwa saa inatosha, ukifika lami jaza kwanza ndo uondoke. Mchangani usifunge breki, achia tu mafuta isimame yenyewe. Ukiona imegoma kwenda mbele acha hapo hapo, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Na korongo lolote usilolijua, shuka ulitembee kwa mguu kwanza, hata kama walio nyuma wanapiga honi, waache wapige.

Kuvutana nako kunataka akili. Yale matundu madogo chini ya bampa ni ya kufungia gari kwenye meli ikitoka Japani, sio ya kuvutia, yanang'oka. Na usikubali mtu yeyote afunge kamba kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka na kamba kama risasi, kinapita kioo, watu wameshauawa hivyo. Tafuta ndoano halisi iliyofungwa kwenye chasisi, tupia koti zito au blanketi juu ya kamba, wanaotazama wote wakae mbali, hasa wale wa simu mkononi.

Mvua nayo. Mwaka mwingine tulikwenda Aprili (ujinga wetu), tukakuta korongo lile lile ni mto wa maji ya kahawia na sisi tulipo hakuna hata tone, kumbe imenyesha kule juu nyanda za Ngorongoro. Kuna aliyetaka kulazimisha kwa sababu ana snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya gari. Mzee wa Land Rover akaweka jiwe kwenye ukingo wa maji, akafungua kiti chake akakaa. Tulikaa masaa manne. Jiwe likabaki nchi kavu hatua kumi kutoka majini ndo akasema haya twende.

Ukifika Natron usiende na gari mpaka ukingoni, nakuomba. Kule juu unaona kama pamekauka, peupe, pagumu, kumbe ni gamba la magadi na chini yake ni tope zito. Daktari mmoja wa meno kwenye msafara wetu aliona flamingo, akasema nisogee kidogo nipige picha. Alisogea kidogo kweli. Masaa matatu, kamba mbili, gari mbili za kuvuta, na flamingo wenyewe walishaondoka. Paki mbali utembee, na ukirudi mjini osha chini ya gari vizuri maana yale magadi yanakula chuma.

Usiku mko kambini Ngare Sero, kijiji cha pale ziwani, mtasikia wenzenu wanaamka saa sita usiku kwenda kupanda Lengai, mita 2,962, mteremko wake acha kabisa. Mi sijawahi, mgongo haunipi ruhusa, nikalala. Ila majivu ya mlipuko wa 2007 na 2008 yalimwagika eneo lote lile, na vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo, linaingia kila mahali, kwa hiyo kila mkisimama kulala toa ea klina (chujio la hewa ya injini) uigonge gonge, usisubiri gari ianze kukohoa. Asubuhi wasioenda mlimani mnaweza kutembea mpaka maporomoko, na kuna sehemu ya nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizogandia kwenye tope la majivu, ulizia pale kijijini. Beba hela taslimu, njiani kuna mageti ya ushuru, dai risiti.

Sasa hiyo milioni mbili. Geji nzuri ya upepo, kompresa ya kuchomeka kwenye betri (sio ile ndogo ya kwenye kiberiti cha gari, hiyo itaungua tairi la pili), koleo la mpini mfupi, kamba nzuri ya kuvutia, na tairi la spea uhakikishe lina upepo, usicheke, nimekuta watu watatu spea zao zimelala. Maji lita ishirini. Kinachobaki kiweke mafuta. Winchi yangu nilikaa nayo miaka mitatu, ikafanya kazi siku moja tu, tuling'oa kisiki kwa shemeji yangu.

Jumamosi wamesema saa 11 alfajiri, we fika saa 10 na nusu tenki ikiwa full, maana hao jamaa nawajua, mtu akichelewa wanaondoka.