Sarah Records: anza na The Field Mice

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na bendi za indie pop (pop isiyotolewa na kampuni kubwa za muziki) za Uingereza, na kwa nini watu wanaihusudu Sarah Records, lebo (kampuni ya kutoa muziki), kiasi hicho. Mimi ni mgonjwa wa hiyo lebo, kwa hiyo nivumilie.

Anza na The Field Mice. Mwanzoni walikuwa wawili tu: gitaa linadondoka kama mvua ya rasharasha, nyuma yake mashine ya ngoma inagonga kavukavu. Wakikukolea, hamia Heavenly, hao wamechangamka zaidi.

Lebo waliianzisha Clare Wadd na Matt Haynes mjini Bristol, 1987. Walipenda santuri ndogo za inchi 7, na hawakutaka kumuuzia shabiki wimbo uleule mara mbili. Kila toleo lina namba. Namba 50 wala si muziki, ni mchezo wa mezani! Walipofika 100, mwaka 1995, wakafunga duka wenyewe.

Santuri halisi siku hizi bei yake inaliza. Sikiliza mtandaoni kwanza, ila vaa hedifoni. Kwa spika ya simu utaambulia nyuki tu.