Chanjo ya malaria: imegunduliwa, imevumbuliwa au imeundwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Korogwe. Niliingia darasani na kipande cha habari chenye kichwa "Wanasayansi wagundua chanjo ya virusi vya malaria, yazuia kwa asilimia 75". Nilitaka tujadili sayansi, tukaishia kugombana juu ya lugha. Wengine walisema chanjo haigunduliwi bali huvumbuliwa, wengine wakasema hubuniwa. Binti mmoja wa nyuma akauliza kama malaria ina virusi. Tusaidie.

JIBU: Mwalimu, huyo binti wa nyuma mpe alama kwanza, kisha turudi kwake baadaye. Nianze na kitenzi, maana ndiko ugomvi uliko.

Kugundua, kwa maana yake ya nyumbani, ni kumkuta mtu au kitu kilichojificha. Mama anaingia jikoni ghafla, anamgundua mtoto amejaza sukari mdomoni. Sukari ilikuwepo na mtoto alikuwepo. Lililokosekana ni jicho tu. Maana hiyo ndiyo iliyohamia kwenye sayansi, na huko imekaa vizuri. Mwaka 1897, huko Secunderabad, India, daktari Mwingereza Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria katika tumbo la mbu. Vilikuwemo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amevikuta humo. Au tuje karibu na kwetu: watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, walichunguza mbu wa kandokando ya Ziwa Victoria, wakakuta ndani yao kijidudu kinachomzuia mbu asibebe vimelea vya malaria. Kikaitwa Microsporidia MB, na habari zake zikachapishwa mwaka 2020. Hapo andika "wamegundua" bila wasiwasi. Kijidudu hakikutengenezwa na mtu. Kilikuwa kikiishi zake ndani ya mbu.

Vumbua ni jirani wa gundua, ukuta kwa ukuta. Lisikilize linavyoishia: vumbua, fumbua, fukua, zibua, funua. Yote yanaondoa kitu kilichofunika. Kwa hiyo mtu akiandika "Ross alivumbua vimelea" sitamkata alama. Lakini mazoea ya wasemaji yamelivuta neno upande wa mashine. Ukisema mvumbuzi, watu wengi watafikiria simu na injini kabla ya kufikiria kijidudu. Halafu neno hili lina kovu la historia. Vitabu tulivyosomea vilituambia mmisionari Mjerumani Rebmann "alivumbua" Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, huku Wachagga wakiwa wanalima migomba kwenye miteremko yake. Wenye kujali siku hizi huandika kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima ule na kupeleka habari zake Ulaya. Sentensi inarefuka kidogo, lakini haimfuti mtu.

Sasa chanjo. Inayotajwa kwenye kipande chako, nikitazama hiyo asilimia, ni R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya kutengeneza chanjo ya Serum Institute of India, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Angalia inavyopatikana. Huchukuliwa kipande cha protini ya kimelea cha malaria, protini inayokifunika kimelea kinapotoka kwenye mate ya mbu na kuingia mwilini. Kipande hicho huunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, ili vikae pamoja kama chembe moja. Kazi ya kuzalisha chembe hizo hufanywa na hamira, ndugu yake ile ya maandazi. Mwisho huongezwa kitu cha kuushtua mwili ujilinde, kilichotokana na magome ya mti unaoota Chile. Niambie, Mwalimu, kitu kama hicho kilikuwa kimejificha wapi hata mtu akigundue?

Hapo ndipo waliosema "hubuniwa" wana hoja. Kubuni ni kutoa kitu kichwani ambacho hakikuwepo. Kasoro yake ni kwamba neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa uongo. Hadithi ya kubuni haina ubaya, lakini ukisema daktari "amebuni takwimu" umemshtaki. Nadhani hiyo ndiyo sababu waandishi wengi wa habari za afya wanalikwepa, na kwenye chanjo, ambayo tayari ina maneno mengi vijiweni, siwalaumu. "Wabuni chanjo" ni Kiswahili safi, lakini kuna msomaji atakayelisoma kwa sikio la shaka.

Kura yangu naipa kuunda. Ni neno la mafundi wa pwani: jahazi huundwa, ubao kwa ubao, na mwenye kupita Lamu ameona chombo kikikaa nchi kavu miezi kadhaa kabla ya kushushwa majini. Chanjo nayo ni mbao zilizounganishwa. Tena linabeba muda, jambo ambalo "gundua" halibebi. Kwenye kugundua kuna kushtukia, kana kwamba mtu aliamka asubuhi akaikuta chanjo mezani. RTS,S, chanjo ya malaria iliyoitangulia R21, ilianza kushughulikiwa miaka ya 1980, ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Na majaribio yake makubwa, yaliyoanza 2009, yalifanyika hapohapo kwenu Korogwe, na Bagamoyo, na Kilifi, na kwingineko katika nchi saba za Afrika. Huenda wanafunzi wako wana kaka na dada zao waliochomwa sindano zile. Mambo hayo yote hayaenei katika "wagundua".

Dawa zina utata zaidi, kwa sababu mara nyingi ni vyote viwili. Artemisinini ilikuwamo kwenye jani la mmea wa jamii ya pakanga. Tu Youyou wa China na wenzake wakaitenga mwaka 1972, naye akapata Tuzo ya Nobel 2015. Hiyo waligundua. Lakini dawa mseto unayopewa zahanati, yenye artemisinini iliyobadilishwa kidogo na kuchanganywa na dawa nyingine ndani ya kidonge kimoja, hiyo imeundwa. Jani na kidonge haviwezi kugawana kitenzi kimoja.

Turudi kwa yule binti. Malaria haina virusi. Ugonjwa unaletwa na kimelea, na neno hili ni tamu ukilifungua. Mmea humea. Mmea unaoota juu ya mti mwingine na kunyonya maji yake unamelea mti ule. Kinachomelea ndicho kimelea. Ukishawahi kuona mwembe umevamiwa na majani yasiyo yake, umeshaelewa plasmodiamu, yaani kimelea cha malaria, inavyoishi kwenye ini na damu ya mtu. Virusi ni kitu kingine kabisa, kidogo mno, na umoja wake ni kirusi, neno linalotuletea vichekesho kila likianza sentensi: "Kirusi kimeenea mjini" inaweza kuwa ni homa au ni lugha ya Moscow. Wengi wanakwepa kwa kusema virusi hata kwa kimoja. Kama hujui kilicholeta ugonjwa ni kipi, andika vijidudu na utalala salama. Ajabu ya kichwa chako cha habari ni kwamba kirusi kweli kimo kwenye hadithi, lakini ni protini yake tu, ile ya homa ya ini, nayo imo ndani ya chanjo, wala si ndani ya malaria.

Limebaki "yazuia kwa asilimia 75", ambalo hukuliuliza na mimi ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mzazi akilisoma ataelewa kwamba watoto 75 katika kila 100 hawatapata malaria tena. Utafiti haukusema hivyo. Walilinganishwa watoto waliopewa R21 na wenzao waliopewa chanjo ya kichaa cha mbwa, wakafuatiliwa miezi 12. Kwenye maeneo ambayo malaria huja kwa msimu, hatari ya kuugua ilikuwa pungufu kwa asilimia 75 kwa kundi la R21. Maeneo hayo yalikuwa Burkina Faso na Mali. Kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima, Kilifi na Bagamoyo yakiwemo, ilikuwa pungufu kwa asilimia 68. Yaani mwandishi, akiwaandikia wasomaji wa Kiswahili, ameacha namba inayohusisha pwani yetu akachukua ya mbali kwa kuwa ni kubwa. Kilugha dawa yake ni ndogo: badala ya "yazuia kwa" andika "yapunguza hatari kwa", na utaje ni muda gani na ni nani aliyelinganishwa na nani.

Wanafunzi wako wakiuliza kuhusu "nimechanja" na "nimechanjwa", maana najua watauliza, waambie sarufi inataka nimechanjwa, kwa kuwa mwenye kuchanja ni muuguzi. Ila sisi ndio tunaotoka kwa kinyozi tukisema "nimenyoa", na akina dada wanatoka saluni wakisema "nimesuka" ilhali mikono yao haikugusa nywele. Mimi nimeshaacha kulisahihisha.

Kichwa chenyewe ningekiandika hivi: "Chanjo mpya ya malaria yapunguza hatari kwa asilimia 68 kwa miezi 12 kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima, Kilifi na Bagamoyo yakiwemo". Kitenzi cha kugombania, utaona, hakimo kabisa. Mhariri akilazimisha kiwemo, mpe "yaundwa".